Mulango Niliyotoa Bure

Apana, nilitoa bure. Hata soda sikuomba. Mulango ya chuma, ya kufungua kulia na kushoto, na maua ya chuma juu, kama kwa waziri. Marehemu muzee wangu aliinunua akisema, "Mama watoto, mulango kwanza, nyumba itafuata." Nyumba haikufuata. Mulango ikakaa inaegemea ukuta yangu hapa Jabe, kuku zinataga nyuma yake.

Kulikuwa na mujane mumoja, anauza ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, sokoni karibu na mi. Ziwa ilipanda ikakula nyumba yake kule Kajaga, akaja kukodi chumba Nyakabiga na watoto. Kila mwezi mwenye nyumba anapandisha kodi. Huyo mwanaume anaongeleaka ndani ya pua: "Mi si Mungu, mama, mi ni propriyetere." Akamuambia mvua ikianza, awe ameondoka.

Basi watu wa soko tukasema kila mutu alete kile iko nacho. Muzee mumoja alitoa kona ya parseli yake, ile kiwanja anakaa, nyuma kabisa. Makanika alitoa mabati. Vijana wanapiga matofari ya udongo siku ya dimanshi baada ya misa, wanawake tunabeba muchanga kichwani. Mi nikatoa mulango. Ilibebwa na wanaume, mi mbele, natembea kama bibi harusi, na meno sina.

Fundi aliiangalia, misumari mukinywa. "Mukecuru, bibi yangu, hii ni ya hoteli. Nyumba ni vyumba viwili."

"Panua nyumba."

"Matofari hayatoshi. Nikiweka hii, mbele hakuna pahali pa dirisha."

"Na mulango ikiwa wazi, si ni dirisha?"

Mi sikusoma, lakini siku hiyo nilikuwa injinieri. Nyumba ikafuata mulango, kama marehemu muzee wangu alivyosema. Dirisha ilienda nyuma, inaangalia choo. Mujane aliangalia chini, na ile sauti yake ya kuku mugonjwa: "Asante, mama. Iko muzuri." Mvua ilianza wako ndani, wakavu. Hapo ningerudi kwangu, ningekuwa mutu muzuri mupaka leo.

Lakini nilibaki na ufungulo moja. Kwa usalama, nilisema. Usalama ya nani, sijui. Kila nikitoka soko napita kule. "Nimekuja kusalimia mulango." Naipangusa na mafuta ya taa. Mutoto akiifunga kwa nguvu, mi: "Wee, hiyo si ngoma!" Mujane akitundika nguo kwenye maua ya chuma, naishusha. Nikipata mugeni, siku hiyo lazima aone mulango. Sauti yangu munaijua, kama redio ya jirani: "Gusa. Gusa tu. Ni chuma ya zamani." Na mujane anasimama pembeni kwake mwenyewe, kama mutu iko anangoja zamu dispansari.

Siku moja nilileta wanawake watatu tuliotoka nao kwenye ndoa, tumeshiba pilau, tumejipaka manukato. Nikabisha kidogo, kwa kidole. Nikatoa ufungulo, nikafungua kulia na kushoto, yote, ili waone vizuri.

Mujane alikuwa kwenye beseni, anaoga. Sabuni kichwani, mupaka machoni. Na mwanga yote ya nje imemuangukia. Mutu mwenye akili angefunga. Mi niliendelea kuwaonyesha bawaba. "Mumeona? Hata hailii."

Alijifunga kitenge, akakuja mupaka pale niliposimama, povu inamuanguka kwenye mabega. Ile sauti ya kuku mugonjwa haikuwa tena. Aliongea polepole, na wale wageni yangu wote wanasikia:

"Mama, ng'oa mulango yako uende nayo. Mi nitaweka pazia, lakini nyumba iwe yangu."