Mti wa Maganda ya Mayai

Musyoka aliukata mti wetu mwaka huu, siku moja tu kabla ya Mei Mosi. Nilifika na mfuko wa maganda ya mayai mkononi nikakuta kisiki, na vijana wakimwaga kokoto za pahali pa kuoshea magari. Nikapiga mayowe hapo hapo kama mfiwa.

Nyinyi wa juzi hamwezi kujua. Sisi tuliokulia mtaa huu wa Mbotela, Nairobi, tulikuwa na sikukuu za Ayalandi! Tulizipata kwa Sista Nora, mtawa aliyetoka huko. Februari alitupeleka mtoni kukata matete, tukasuka misalaba ya Mtakatifu Brigida, ikatundikwa milangoni nyumba zisishike moto.

Lakini Mei ndiyo ilikuwa yenyewe! Ule mti wa miiba karibu na mfereji tuliuvika vitambaa na maganda ya mayai yaliyopakwa rangi. Kwetu nani alikula yai siku ya kazi? Tulimzingira muuza mayai ya kuchemsha, tukaokota maganda miguuni mwa wateja. Mama alipoona akamvaa Sista.

"Mayai juu ya mti? Sista, kwetu Ukambani hayo ni ya mganga!"

"Mama Mwende, tunakaribisha majira mema tu."

"Haya, basi funga na langu," mama akasema, akachana kipande cha leso yake.

Oktoba Sista alitupikia mkate mtamu wenye pete ndani. Atakayeipata ataoa mapema. Mwenzetu Otieno, kwa pupa yake, akaimeza! Mama yake akamlinda chooni na kijiti mkononi: "Utaoa hiki choo, nakwambia!" Na siku ya pili ya Krismasi tulivaa magunia, nyuso tumezifunika kwa nyasi, tukabeba ndege wa matambara tukipiga debe mlango kwa mlango mpaka Donholm, mtaa wa wenye nazo. Huko tukafunguliwa mbwa. Tulikimbia huku tunacheka! Watoto wa sasa Krismasi yao ni kuinamia simu wakiomba bando.

Sista alirudi kwao. Wenzangu wengi nimewazika, huyu pombe, yule risasi. Mimi nimebaki, na kila Mei niliuvika mti hata kama niko peke yangu, kwa sababu ndio pekee uliokuwa unajua kwamba tulicheka.

Sasa wewe Musyoka, mwenyekiti wa mtaa, uliyekuwa ukipanda mpaka juu kabisa kutufungia ganda la kwanza: nani alikupa ruhusa? Usinitumie vijana wako. Jumapili baada ya misa, simama mbele yetu ujibu kwa mdomo wako mwenyewe.