Bi Kwa Nini na Jani Lililogeuka

Jina lake halisi wengi walishalisahau. Tangu utotoni aliitwa Kwa Nini, na alipoolewa wakamwongezea heshima kidogo tu, akawa Bi Kwa Nini. Jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimwambia sufuria imeungua, atataka kujua kwa nini imeungua upande mmoja. Fundi bomba akija kwake, yeye ndiye anayeshika tochi, na bomba likishafungwa humwomba alifungue tena aone lilivyokaa ndani. Mafundi wa mtaa ule wakisikia wanaitwa kwa Bi Kwa Nini walikuwa wanasingizia homa.

Kazi yake ilikuwa kudarizi: vitambaa vya meza, foronya, mapazia. Na tuseme ukweli, maana hata yeye hakuuficha, hakuwa hodari kivile. Mishono yake ilikuwa safi na imara, hakuna mteja aliyerudi kulalamika, lakini maua yake yalikuwa maua ya kila mtu. Hodari alikuwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kitambaa cha dada ulikuwa unakitambua ukiwa upande wa pili wa barabara. Majani yalifukuzana kulizunguka ua la katikati, yote yameinamia upande mmoja, isipokuwa jani moja, chini karibu na pindo, lililogeuka likatazama kule wenzake walikotoka. Popote alipoudarizi mchoro huo, jani lile alilitia.

"Dada, kwa nini hili limegeuka?" Swali hilo Bi Kwa Nini alianza kuliuliza akiwa msichana, na aliendelea kuliuliza akiwa na wajukuu. Na dada, macho kwenye sindano, alimjibu vilevile miaka yote: "Hebu maliza chai yako."

Dada huyu alikuwa na donda moyoni. Zamani kidogo, mfanyabiashara mmoja alimkuta kwenye maonyesho, akamsifu mpaka akaona haya, akapiga picha kitambaa chake. Mwaka uliofuata majani yale yalikuwa madukani kwa marobota, yamechapwa na mashine, hata lile lililogeuka. Dada alipokwenda kulalamika akaambiwa alete ushahidi kwamba mchoro ni wake. Ushahidi gani? Alikuwa na vidole vyake tu. Tangu siku ile akawa anadarizi ndani, mlango umefungwa, na kazi zake akawauzia watu anaowajua. Kikundi cha wadarizi cha mtaa kilipomwomba ajiunge, alikataa katakata.

Kikundi hicho kilikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na huko ndiko mradi ulikoingia. Uliletwa na binti mmoja mwalimu wa kompyuta, mchangamfu, ambaye akina mama walimbandika jina la Bi Toleo kwa sababu kila akiingia alianza na, "Jamani, kuna toleo jipya!" Aliwaeleza kwamba watengenezaji wa programu wa nchi mbalimbali wamejenga jukwaa la blokcheni, na vikundi vidogo vinaruhusiwa kulitumia kwa mambo yao. Wafugaji nyuki fulani waliandikisha humo asali yao, wakulima fulani mbegu zao. Wao wadarizi wangeandikisha michoro. Kila kitambaa kingeshonewa kimraba cha madoadoa, na mnunuzi akikiskani kwa simu angeona nani aliubuni mchoro na lini.

"Ni kumbukumbu moja," alisema Bi Toleo, "lakini nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi mno. Kila kinachoandikwa kinafungwa na kilichotangulia, kama cheni, yaani mnyororo. Mtu akifuta kwake, nyingine zote zinamkatalia."

"Na wote wakikubaliana kudanganya?" aliuliza Bi Kwa Nini.

Bi Toleo alivuta kiti akaketi, na somo la siku ile likaishia kwenye swali hilo.

Miezi ya majaribio ilikuwa raha tupu. Kwenye programu kulikuwa na mstari wa njano juu, maana yake mnajaribu tu, andikeni mnachotaka, mwisho kitafutwa chote. Bi Kwa Nini aliandikisha paka wa jirani. Akaandikisha nyanya. Akaandikisha kwamba mumewe anakoroma, kisha akakaa kuangalia habari hiyo ikithibitishwa na kompyuta za watu asiowajua, akacheka mpaka machozi. Mwanzoni picha zilikuwa zinakwama njiani. Toleo lililofuata zikawa zinapita. Kikaja Kiswahili. Ikaja kuweka kidole badala ya kukariri nywila ndefu. Kila jipya lililokuja, Bi Kwa Nini alilipeleka moto moto kwa dada yake, akamwonyesha, akambembeleza, mpaka siku moja dada akaweka sindano chini.

"Yaani nikiweka kidole, hakuna tena wa kuniambia nilete ushahidi?"

"Hakuna, dada. Na hakuna wa kukufuta."

"Basi nitakuja."

Kikundi kizima kilishangilia habari hiyo. Ilikubaliwa kwamba Jumamosi, mbele ya wote, mchoro wa dada ndio utakaokuwa wa kwanza kuingia kwenye mtandao wenyewe, siyo ule wa kuchezea.

Sasa, Bi Kwa Nini alikuwa na swali lililomkera kama mchanga ndani ya kiatu. Alikuwa amemwuliza Bi Toleo kama mnyororo ule unajua uongo. Bi Toleo akamjibu kwamba haujui; unachojua ni nani kasema nini, na wakati gani. Jibu hilo halikumtosha. Kompyuta zote hizo, za nchi zote hizo, hazijui? Ijumaa asubuhi Bi Toleo alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu, mrefu, wenye salamu nyingi. Bi Kwa Nini aliusikiliza hadi pale pa "kuna toleo jipya", akaukata, akafungua programu ajionee mwenyewe. Mstari wa juu ulikuwa wa kijani.

"Kwa nini kijani?" alijiuliza. Akaona wamependezesha tu.

Mezani pake kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha dada, zawadi ya harusi yake. Akakipiga picha. Penye jina la mchoro akaandika "Majani". Penye mbunifu akaandika jina lake yeye mwenyewe. Akaweka kidole, akasubiri kuona kama dunia itamkemea. Haikumkemea. Simu ilitoa mlio mzuri, ikamwambia mchoro umeandikishwa.

"Kumbe kweli haujui!" alisema kwa sauti, peke yake jikoni, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Akaenda kuosha vyombo.

Hakumaliza hata vikombe. Simu ilianza kulia mfululizo. Bi Toleo, akidhani ni dada aliyewahi, alikuwa ameandika kwenye kundi: "Hongera sana mama! Mchoro wa kwanza kwenye mtandao wenyewe!" Chini yake mwenyekiti wa kikundi aliweka alama ya kuuliza, moja tu. Bi Kwa Nini alirudi kwenye ule ujumbe wa sauti, akausikiliza mpaka mwisho, mikono ikichuruzika povu. Njano imekwisha, alisema Bi Toleo. Kuanzia leo ni kijani, na kijani hakifutiki, kwa hiyo tusiguse mpaka kesho tuanze na dada.

Bi Kwa Nini alimpigia Bi Toleo, na Bi Toleo, masikini, hakumgombeza. Alimweleza kwamba kufuta hakuna, ndiyo maana ya kitu chenyewe, lakini njia zipo. Ya kwanza ni kumhamishia dada mchoro. Dada ataweka kidole kukubali, na jina lake litakaa.

"Na nilichoandika mimi?"

"Kitabaki chini. Itasomeka kwamba mchoro ulikuwa wako, ukampa."

Njia ya pili ilikuwa imeletwa na toleo hilohilo jipya, wakaiita masahihisho. Aliyekosea anaandika alichokosea na sababu yake, mwenye haki anathibitisha kwa kidole, na yote mawili yanakaa pale, kosa na sahihisho, mtu yeyote ayasome.

"Milele?"

"Milele, mama."

Mwenyekiti naye alipopigiwa hakuona ugumu. "Si umhamishie tu? Dada yako skrini haisomi bila miwani, na miwani hatembei nayo. Aweke kidole, yaishe, nani atajua?"

Ilikuwa rahisi kweli. Bi Kwa Nini alikaa kitako kwenye kigoda cha jikoni akaitafakari. Akamwona dada, siku yoyote ile, amevaa miwani, mtoto wa jirani amemskania kitambaa chake mwenyewe, na pale panasomeka amepewa na mdogo wake. Yule mfanyabiashara angalau hakuwahi kulelewa na dada. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akavua aproni, akatoka.

Dada alikuwa dirishani, anatunga uzi kwenye sindano. Bi Kwa Nini alijikaza kisabuni akasema yote, tangu swali lake hadi vikombe. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Dada alimsikiliza bila kuinua uso, na uzi ukamkatalia kuingia tunduni, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Hata wewe?" alisema mwishowe.

"Dada, nilikuwa najaribu tu. Nilitaka kuona kama..."

"Ulitaka kuona. Wewe siku zote unataka kuona." Aliweka sindano chini. "Hebu leo nikuulize mimi. Wa kujaribia uongo ni mchoro wangu? Kwa nini hukuchukua wako?"

Bi Kwa Nini hakuwahi kuulizwa kwa nini na mtu yeyote, na sasa ndio akajua linavyouma.

"Wangu hakuna ambaye angeutaka," alisema. "Nilitaka kuona jina langu limekaa kwenye kitu kizuri. Hata kama ni kwa mchezo."

Dada aliokota sindano yake akageukia dirisha. Hakusema kama kesho atakuja au haji, na chai siku ile haikutengwa. Bi Kwa Nini alirudi kwake amenywea, na jioni mumewe akamwuliza mara tatu kama anaumwa, maana nyumba ilikuwa kimya.

Jumamosi chumba cha nyuma kilijaa. Wanachama walikaa juu ya marobota ya kitambaa, wakizungumza kwa sauti ya chini, kila mmoja akijifanya hajui. Saa ya mkutano ilifika, ikapita. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukohoa ili afungue kikao aliposukuma mlango dada, kitambaa kwapani, na miwani usoni. Hakumsalimia mdogo wake. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akamwambia Bi Toleo, "Mwanangu, hebu tuanze na hilo sahihisho. Nataka kulisikia."

Bi Kwa Nini alisimama akalisoma kutoka kwenye simu. Mchoro wa Majani si wangu. Niliandika uongo ili nione kama mnyororo utajua. Mchoro ni wa dada yangu aliyenilea. Akaweka kidole. Dada aliichukua simu, akayasoma maneno yale mwenyewe, polepole, midomo ikicheza, kisha naye akaweka kidole chake. Mlio ulikuwa uleule mzuri wa jana.

"Sasa tuandikishe wa kwako, mama," alisema Bi Toleo. "Mbunifu ni wewe peke yako?"

Dada alikuwa amekitandika kitambaa magotini, anakipapasa pale chini karibu na pindo.

"Na mimi nikisema uongo hapa, nao utakaa?"

"Utakaa, mama."

"Milele?"

"Milele."

Dada alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Basi andika. Majani yote nilibuni mimi, nikiwa msichana, nikidarizi kitambaa changu cha kwanza. Jani moja siyo langu. Nilitoka kuchota maji, nikamwacha mtoto peke yake ndani. Niliporudi nikakuta ameshashona jani, amelipindua. Kumbe alikuwa anajaribu."

Watu walicheka kidogo.

"Na hukulifumua?" aliuliza Bi Toleo, ambaye alikuwa amesahau kuandika.

"Nilikuta amelala, sindano bado ameishika. Ulikuwa mwaka uleule aliofariki mama, na mtoto yule alikuwa hapati usingizi. Ningelifumua, akiamka ningemwambia nini? Baadaye nikajaribu kudarizi bila jani lile, nikaona kitambaa hakijakamilika."

Bi Kwa Nini alikuwa bado amesimama. "Dada," alisema, "miaka yote nakuuliza. Mbona hukuniambia?"

"Ningekujibu, ungekuja kwangu kuuliza nini?" Dada alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Uongo wako ule ulikuwa na jani moja la kweli. Njoo hapa. Mwalimu, si kuna mahali pa mbunifu wa pili?"

Palikuwapo; pameongezwa kwenye toleo jipya. Bi Toleo aliandika, akamsogezea simu. Kidole cha Bi Kwa Nini kilikuwa kimelowa, kwa jasho au kwa kufuta macho, na simu ikakikataa. Dada alikishika, akakikausha kwa pindo la kitambaa, akakiweka yeye mwenyewe.