Gunia la Mchanga Mbele ya Mashua

Mashua ile tuliichonga wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mbao alipasua yeye. Tukivua Mto Ruvu, upande wa Dutumi, yeye alikaa mbele na wavu, mimi nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Mke wangu alipofariki, shemeji alingoja arobaini ipite, akarudi kwao Msimbu kulima. Simlaumu. Mama yake alikuwa mgonjwa, na aliniaga vizuri.

Mashua ikakaa ukingoni mpaka mbao zikaachana. Nikasema moyoni, nikiweza kuvua peke yangu nitabaki hapa, nikishindwa, nihame. Nikabadilisha mbao zilizooza, nikaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Fundi wa kweli labda angecheka. Magunia yangu ya korosho nikampa mfanyabiashara mmoja wa Kisarawe, naye akanipa mashine kuukuu ya kupachika nyuma. Aliniambia mapema kwamba inakunywa mafuta, hapo hakunidanganya.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, mashine nyuma, mimi nyuma, mbele kukainuka juu, maji yakaingia miguuni kwangu. Nikarudi kwa pondo, nimelowa. Miaka yote ile sikujua kwamba uzito wa shemeji ndio ulioilaza mashua sawa. Nikajaza gunia mchanga, nikaliweka pale alipokuwa akikaa.

Shemeji alipokuja kuzuru kaburi la dada yake, akapitia mtoni. Akaliona gunia.

"Shemeji, huyu ndiye mrithi wangu?"

"Ndiye."

"Mbona mnene! Mimi ulininyima hata ubwabwa."

"Huyu halalamiki."

"Na wavu anatupa?"

Nikamwambia, "Panda basi, shemeji. Nimwage mchanga."

Akaishika mashua, akaitikisa. "Imekaza. Umeweza. Lakini mpunga wangu umeshatoa masuke, na ndege wale hawana huruma."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo sikumsihi.

Kesho yake nikaenda na gunia langu. Mashua ikatulia. Nikazima mashine katikati ya mto, nikatupa wavu mwenyewe huku mashua ikizunguka inavyotaka, nikapata kambale wachache. Ukingoni nikawagawa mafungu mawili, kama zamani, ndipo nikaona la pili halina wa kulichukua.

Sikulirudisha kapuni. Mbao alizopasua shemeji bado zilikuwa majini. Nikalikausha kwa moshi, likamngoja mtu wa kwenda Msimbu. Nami nikabaki Dutumi.