Kaburi la Kumi na Moja

Jirani wa mchimba makaburi anamsimulia kila anayeuliza: siku ile mchimbaji alikuja kazini amelewa, akamchimbia mdogo wake kaburi upogo, kama kitanda kilichosukumwa kwa mguu. "Miaka kumi na tisa anachimba, halafu la nduguye ndilo akosee? Ni pombe tu ile," anasema jirani.

Ukilitazama, utamwamini. Mstari wa makaburi ya Wakristo umenyooka, misalaba inafuatana kama watoto wa shule. La kumi na moja tu ndilo limekaa pembe.

Saa moja asubuhi, mchimbaji, ambaye mtaa mzima unamwita Futi Sita, ameshazama shimoni mpaka kiunoni. Leo yuko upande wa Waislamu. Anapima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha anachonga mwanandani, ile nafasi ya ubavuni anamolazwa maiti akielekea kibla. Yeye ni Mkristo, lakini kazi ya pande zote mbili anaijua.

Zamani alikuwa na utani wake, kwamba wateja wake hawajawahi kurudi kulalamika. Tangu mwaka jana hautoi tena.

"Sinywi," anasema, jembe halisimami. "Ningekuwa nakunywa, si ningekuwa na kisingizio."

Mdogo wake alisilimu miaka minane iliyopita, alipooa. Kwao walinuna, wakanyamaza. Alipofariki ghafla, wazee wa ukoo wakaja, wakakaa sebuleni kwa mjane, wakazungumza kilugha chao. Mjane ni wa kabila lingine, hakuambulia hata neno. Alikuwa akiwamiminia chai huku wao wakiamua kwamba mwili wa mtoto wao uchukuliwe hospitalini, utiwe kwenye jeneza, uzikwe kwa jina la ubatizo.

Mjane akamgeukia shemeji yake, akamuuliza wanasemaje.

"Nikamwambia, wanapanga mazishi tu, shemeji," Futi Sita anasema. "Akaniamini. Akaniongezea na sukari."

Kesho yake mjane alikaa nyumbani, sanda imeshakatwa, maji yako tayari, akingoja mwili uletwe. Kilicholetwa ni habari kwamba mumewe ameshazikwa.

Kaburi alilichimba Futi Sita mwenyewe. Wazee walimwonyesha mahali, yeye akaligeuza kidogo kidogo, mpaka likakaa kama yanavyokaa ya Waislamu upande wa pili. Hakuna aliyemuuliza. Walidhani majonzi yamemvuruga.

"Lakini jeneza ni jeneza," anasema, anapangusa jasho kwa mkono wenye udongo. "Amelala chali, anatazama juu. Nililigeuza shimo. Yeye sikumgeuza."

Mwaka mzima mjane hajatia mguu makaburini. Futi Sita anataka jambo moja tu: aje alione kaburi, ajue kwamba shemeji yake hakukaa kimya moja kwa moja.

Jioni, akishanawa, anapita kwake. Mjane anapiga pasi nguo za watu barazani. Anamsogezea kigoda, kama kawaida. Hajawahi kumfukuza.

"Shemeji," Futi Sita anasema, "njoo siku moja tu, ulione lilivyokaa. Nitakupeleka mwenyewe."

Mjane analowesha kidole, anagusa pasi kupima moto. Analigeuza shati, analinyoosha kwa kiganja, anaanza upande wa pili.