Sura kumi na moja ambazo Sauti hakuzisoma

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi amechuchumaa mbele ya meza ya vitabu vya mitumba, anaigeuzageuza riwaya moja kama mtu anayekagua samaki sokoni. Anafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Anarudi kwenye ule wa mwanzo wenye maandishi madogo, ambao wengi hawausomi kabisa. Kisha anahesabu sura kwa kidole, midomo ikimcheza.

Muuza vitabu anaguna. "Dada, unanunua au unafanya msako?"

"Vyote viwili," anajibu bila kuinua kichwa. "Hiki kimekatwa. Weka pembeni."

Majirani wanamwita Sauti. Kazi yake ni kuwasomea watu: wasioona, wazee ambao macho yamewachoka, na mgonjwa mmoja asiyeweza kushika kitabu. Huwafuata majumbani kwa miguu, mmoja baada ya mwingine. Malipo ya saa moja yanatosha mkate na mboga ya siku, na katika miaka tisa hajawahi kukosa wa kumsomea.

Hadi wiki tatu zilizopita alikuwa hakagui kitu. Akipewa kitabu, anasoma. Jalada likisema "Toleo Jipya", yeye alifurahia upya wake.

Siku mambo yalipobadilika, alikuwa kwa mwalimu mstaafu aliyepoteza uwezo wa kuona miaka sita nyuma. Walikuwa wakisoma riwaya kongwe ya mlinzi wa daraja na binti yake, kitabu ambacho Mwalimu alikifundisha darasani kwa zaidi ya miaka ishirini. Sauti alimaliza sura ya tisa, akapiga funda la maji, akaanza ya kumi.

"Simama hapo," Mwalimu alisema. "Mafuriko yako wapi?"

"Mafuriko gani, Mwalimu?"

"Daraja linasombwa, binti anaokoa watu watatu kwa kamba. Ni sura nzima hiyo. Umeiruka ili uwahi kwenda kwako?"

Sauti alipigwa na butwaa. Alipekua nyuma, akapekua mbele. Tisa, kumi, kumi na moja. Namba zilifuatana vizuri, na hakuna karatasi iliyochanwa. Aliapa kwa kila anachokijua. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Sioni, mwanangu, lakini masikio ninayo. Nenda."

"Nilitoka pale nimekikumbatia kitabu," anasimulia. "Mimi nikikohoa katikati ya sentensi, naianza upya. Leo naambiwa naiba kurasa! Nililia njia nzima, watu wakadhani nimefiwa."

Kazi yake ni ya kuaminiwa tu, kwa kuwa anayesikiliza hawezi kuchungulia. Habari ikisambaa kwamba Sauti anaruka kurasa, nani angemfungulia mlango tena?

Alizunguka siku tatu akitafuta nakala nyingine. Akaipata hapahapa, chini ya meza hii, jalada limeng'oka, nene kama tofali. Alizilaza mbili hizo sambamba, na macho yakamtoka pima. Yake ilikuwa na sura ishirini na nne. Ile kuukuu ilikuwa na thelathini na tano. Waliokata walizipanga upya namba ili pengo lisionekane, na kukiri kwao walikuficha kwenye ule ukurasa wa maandishi madogo: imefupishwa kwa matumizi ya shule.

"Sura kumi na moja!" anasema, na mpaka leo anashika kichwa. "Na jaladani wala hawakusema. Hivi walidhani hakuna atakayeuliza?"

Kwa Mwalimu hakwenda na maneno mengi. Alimwekea vitabu hivyo mapajani, kimoja kila upande. Mzee alivipima kwa viganja, akavipapasa unene, akarudia. Uso ukambadilika.

"Wamekifanya nini kitabu changu?" alinong'ona. Halafu akautafuta mkono wa Sauti. "Nimekukosea, mwanangu. Kaa. Nisamehe."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Sauti alilibeba toleo kamili hadi nyumbani, na alipofika mwisho, likamponyoka mikononi.

Katika lile la shule, binti anaondoka na mwanamume ambaye baba hamtaki, baba anafunga lango, na hadithi inakwisha. Katika toleo kamili, mlinzi wa daraja anakaa siku mbili, kisha analifungua lango lilelile na kwenda kumtafuta mwanawe. Sura sita za mwisho ni safari hiyo tu.

Na lile la shule, Sauti alikuwa amekwisha kumsomea mtu mwingine, miezi minane nyuma. Ni bibi mmoja mjane wa miaka themanini na mbili. Binti yake wa pekee aliolewa bila ridhaa yake, na kwa miaka kumi na mmoja hawajasemezana. Sauti alipofunga kitabu, Bibi alipiga paja kwa furaha. "Huyo ndiye mzazi! Na mimi langu limefungwa." Wiki hiyohiyo binti alipiga simu kupitia kwa jirani. Bibi alikataa hata kuigusa.

"Nilimkumbuka Bibi papo hapo," anasema Sauti. "Maneno yale yalitoka kwenye kinywa changu. Nilimsomea mama wa watu nusu ya habari, nikamwambia ndiyo mwisho."

Juzi alikwenda kukiri, kitabu kwapani. Bibi alimsikiliza bila kupepesa macho, kisha akawaka.

"Miezi minane! Miezi minane mmeniacha na mzee kafunga lango, kumbe ametoka?"

"Ametoka, Bibi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na anampata?"

Sauti alikataa kusema. Hilo litasomwa, alimwambia, na safari hii neno kwa neno. Wanaanza Jumatatu, zile zilizokatwa tu, sura moja kila siku. Baada ya hapo anataka kuvikagua vitabu vyote alivyosoma kwa miaka tisa, na kurudi katika kila nyumba anayodaiwa ukurasa.

Alipokuwa akivaa viatu, Bibi alimwita kutoka kitandani, sauti kavu.

"Hizo sura zilizokatwa ni siku ngapi?"

"Kumi na moja, Bibi."

Bibi alihesabu kwa vidole.

"Basi mpigie binti yangu. Mwambie aje siku ya kumi na mbili."