Bati Jekundu la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kunipenda, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Yeye ni Mndamba wa Namawala. Mimi ni Msukuma niliyezaliwa hukuhuku bondeni, lakini kwake nilikuwa mtu wa ng'ombe tu, niliyekuja kukanyaga mpunga wa watu na kuondoka na binti yao. Nyumbani kwangu Ifakara hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Kisha macho yake yakaanza kumtupa. Alitia chumvi kwenye chai, akamkanyaga bata wake, akaukaripia mgomba kwamba hauna adabu, unampita mtu mzima bila shikamoo. Mke wangu akasema mama ahamie kwetu. Nilikosa usingizi. Kwa desturi, yetu na yao, mama mkwe ni mtu wa kukwepwa: humgusi, huli naye, na mkiwa na neno, anatafutwa mtu wa kulifikisha. Sasa mfikirie mtu huyo mnapangiana zamu ya choo kimoja asubuhi.

Mama mwenyewe alikataa. Alisema anaona vizuri, ila binti yake ana haraka ya kumzika. Mke wangu akamjibu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Mama akakasirika, akatoa sharti. Tupande naye hadi kwenye mgongo wa mlima, juu ya msitu, pale vijana wa kijiji wanapopeleka wageni kupiga picha. Akiliona bati la nyumba yake kutoka kule, anabaki kwake na tusimsumbue tena. Asipoliona, anahama. Bati lake ni jekundu, na mtaani kwake hakuna lingine. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, mimi na yeye tulitaka kitu kimoja.

Njia ile ni katili. Inapanda wima, mizizi imetokeza, tope linateleza, na siafu wanapita katikati kana kwamba wameilipia. Tulijipanga kwa heshima: mimi mbele, mke wangu katikati, mama nyuma, maana mkwe hawezi kupanda mlima akiitazama miguu ya mama mkwe.

"Mwambie mumeo, anakimbizwa na nani?" mama alisema.

"Mwambie mama, aliyechoka anaruhusiwa kurudi," nikajibu.

Mke wangu alibeba maneno yetu mpaka akachoka, na labda ndiyo maana hakuangalia alipokanyaga. Kifundo cha mguu kikateguka.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama alisema, bila chembe ya huruma.

Mke wangu akakaa kwenye gogo, akatuamuru tuendelee bila yeye. Tulidhani anatania.

Basi tukapanda wawili, bila mtu wa kutusemea. Mama akapata dawa yake.

"Wewe mti," aliuambia mvule mmoja, "mwambie huyo apunguze mwendo."

Nikauambia mvule uleule umjulishe mama kwamba mlima hauna lifti. Nilikuwa na hasira ya kweli.

Sikumwona alipoanguka, kwa sababu heshima ilinikataza kugeuka. Nilisikia matawi yakivunjika, kisha kishindo. Nilipogeuka alikuwa amekaa topeni, anapapasa akitafuta fimbo yake iliyokuwa kando ya goti lake. Nilivunja tawi nikamnyooshea, mikono yetu isigusane. Akalikosa. Nikalisogeza mbele ya uso wake, akalikosa tena. Nikalitupa, nikamshika mkono na kumwinua. Alinuka ugoro.

"Mti," akasema huku akijikung'uta, "hukuona kitu."

Juu, msitu unaisha ghafla na bonde lote linafunguka: mpunga, mto, mabati, ng'ombe kila upande. Namawala ilikuwa chini yetu. Bati jekundu nililiona papo hapo. Mama akanyoosha kidole upande mwingine kabisa, kwenye majaruba yaliyojaa maji yakimetameta.

"Lile pale," akasema. "Si ndilo?"

Hapakuwa na mti karibu. Alikuwa anasema na mimi.

Lilihitajika neno moja tu. Ningesema ndiyo, angebaki na bata wake, nami ningebaki na choo changu. Lakini akilini nilimwona jikoni kwake, peke yake, akipapasa sufuria juu ya moto kama alivyopapasa ile fimbo. Nikamchukia zaidi kwa kunifanya nimwonee huruma.

"Yale ni maji, mama."

Akashusha kidole. Uso bado aliuelekeza bondeni.

"Ungesema ndiyo tu," akasema. "Ningebaki kwangu."

"Ningesema ndiyo, ungeungua."

"Ugali wako wa udaga, mihogo ya kuvundikwa, sili."

"Hakuna atakayekulazimisha."

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Mteremko wa kwanza tu, nikahisi shati langu likivutwa kwa nyuma. Sikugeuka, na safari hii haikuwa kwa heshima. Nilipunguza mwendo. Mimi nikawa natukana mizizi, yeye akawa anatukana ng'ombe, mpaka tukafika kwenye gogo.

"Ameliona?" mke wangu akaniuliza.

Mama akaniwahi. "Nimeliona vizuri sana. Huyu mumeo ndiye haoni."

Mke wangu alikuwa anautazama mkono wa mama yake, uliong'ang'ania shati langu mgongoni na haukuwa na dalili ya kuachia.