Herufi za Mninga

Mimi ndiye niliyezichonga, kwa hiyo mniache niseme. Mdogo wangu Melania mwenyewe hataki kuongelea habari hii. Ukimwuliza, anakuuliza kama umeshakunywa chai.

Tumezaliwa Kanazi, hapa Ngara. Mimi nilishika randa, yeye akashika chaki. Miaka mingi alifundisha darasa la kwanza kama alivyofundishwa: anaandika ubaoni, watoto wanaimba, na mwaka ukiisha nusu yao bado wanaimba wasichokijua. Kisha akapelekwa semina Biharamulo, akarudi kichwa kimewaka moto.

"Kaka Bona, kumbe mtoto anasoma kwa mwili mzima!"

Aione herufi, aitamke sauti yake, aipapase kwa kidole. Tena kwa mpangilio: moja ikishika ndipo inakuja nyingine, hakuna kurukaruka. Nikamwambia huo ni mchezo wa matope. Alininunia siku nzima.

Wakati huo kambi ya wakimbizi wa Burundi ilikuwa imejaa, na shirika moja lilitaka mtu wa kuwafunza walimu wa madarasa ya chini kule. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani, basi wakamchukua Melania. Mimi nikachonga herufi kwa mbao za mninga, kila moja ukubwa wa kiganja, nikazipiga msasa mpaka zikateleza. Sanduku moja tu, la kuanzia. Mwisho wa muhula wafadhili wangekuja kutazama darasa moja. Wakiridhika, walimu wote kambini wangepata mafunzo. Wasiporidhika, kazi ingefia hapo.

Darasa lililochaguliwa lilikuwa la Kaneza, mwalimu mkimbizi na mama wa watoto watatu, aliyelishika somo kuliko wenzake wote. Mungu wangu, yule mama alijua kufundisha! Anamfunga mtoto kitambaa machoni, anamtilia herufi mkononi, mtoto anaipapasa, anaitamka, kisha anaiandika mchangani. Watoto ambao hawakuwahi kufungua mdomo wakawa wanagombania zamu. Darasa lilikuwa la turubai, halina hata mlango, kwa hiyo sanduku lililala kwa Kaneza. Melania alikuwa akirudi nyumbani anacheka peke yake.

Halafu mgawo wa chakula ukapunguzwa. Kilichokuja kilikuwa mahindi makavu na maharage ya kuchemka kutwa nzima, na kuni karibu na kambi zilishakwisha. Wanawake waliokwenda kuokota mbali porini walivamiwa huko. Jirani yake Kaneza alirudi hawezi kutembea.

Siku moja kabla ya ugeni nilifuatana na Melania kwenda kukagua sanduku. Kaneza alikuwa nje, chungu kiko motoni. Alinisalimia, "Shikamoo, fundi," bila kuniangalia. Melania akafungua sanduku. Zilikuwa zimebaki herufi sita.

"Nyingine ziko wapi?" nikauliza, ingawa moshi ulikuwa unanukia mninga.

Nilipandwa na hasira, nikamtukana. Nilisema maneno ambayo mwanaume hamwambii mama wa watu. Yeye alimtazama Melania tu.

"Nilianza na za mwisho, mwalimu. Ulisema twende kwa mpangilio. Zile tulizokwisha kufundisha sikuzigusa hata moja. Nilidhani fundi atachonga nyingine kabla hatujazifikia. Watoto walikuwa wanalala na njaa, na porini siendi."

Melania alifunga sanduku taratibu, akaniambia, "Kaka, nyamaza."

Kesho yake wageni walikuja. Watoto walisoma vizuri herufi zao sita, ungependa mwenyewe. Lakini mgeni mmoja alichungulia sandukuni, akauliza vifaa vingine viko wapi. Kaneza angesema ukweli angefukuzwa siku ileile, na ujira wa ualimu ndio ulikuwa chumvi na sabuni ya watoto wake. Melania akatangulia kujibu.

"Vimepotea mikononi mwangu."

Basi. Wageni wakaangaliana, wakapanda gari. Mafunzo yakafutwa, na Melania akarudishwa Kanazi na jina la mtu asiyetunza mali. Niliumia, jamani. Nilitaka kwenda kusema, akanikataza.

Baadaye kambi ilifungwa. Siku Kaneza anapanda lori la kurudi Burundi, Melania alikwenda kumuaga, akarudi na sanduku. Shuleni Kanazi alirudia ubao wake, watoto wamejazana mpaka mlangoni, wanaimba. Mwanzoni alijaribu kuwaandikisha mchangani, nako akaacha. Mwalimu mkuu alisema wanachafua darasa, naye hakubisha, Melania huyu niliyemjua mbishi.

Mwaka jana nilipata vipande vizuri vya mninga, nikamwambia, "Lete sanduku nikuchongee zilizopungua." Alizitoa zile sita, akazipangusa vumbi kwa kanga.

"Zilizoungua ziliivisha maharage, kaka," akasema. "Hizi zilizobaki zimemfaa nani?"